Bunduki ya Peintiboli Ikigoma, Pima Betri Ikiwa Kazini

Nyumbani inapiga. Unaiwasha, taa inawaka, unavuta triga mara tatu na mara zote tatu unasikia mlio wake mkavu. Uwanjani mambo yanageuka. Umejibanza nyuma ya kizuizi, wapinzani wawili wanakuja kwa pembeni, unafyatua mfululizo. Bunduki inatoa risasi nne, inaruka moja, inatoa mbili, kisha skrini inazimika. Ukiiwasha tena inaamka vizuri tu. Mwenzako anasema betri imekwisha. Unapima kwa mita, inasoma volti 8.6, nawe unaanza kushuku ubao wa saketi, solenoidi, hata aliyekuuzia.

Wachezaji wengi wanaotumia betri za kuchaji hufika hapa, na ndipo hela inapoanza kupotea. Mtu hununua solenoidi mpya, au huipeleka bunduki kwa fundi wa simu ambaye hajawahi kuiona bunduki ya aina hiyo, au huitupa betri nzima iliyokuwa na kosa dogo la kuchajiwa vibaya. Namba ile ya volti 8.6 haina maana kubwa. Imepimwa betri ikiwa imetulia, haidaiwi chochote. Ukitaka kujua hali ya betri, ipime ikiwa inafanya kazi. Karibu kila ushauri nitakaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, toa hopa na risasi zote zilizomo, fungua mtungi wa hewa uutoe kabisa, kisha elekeza mtutu mahali salama ufyatue hadi hewa iliyobaki ndani iishe. Vaa miwani ya mchezo muda wote huo, na uvishe mtutu soksi yake. Viwanja vingi huruhusu kasi isiyozidi futi 280 au 300 kwa sekunde, yaani mita 85 hadi 91, na risasi ya rangi kwa kasi hiyo hupofusha jicho. Bunduki ya elektroniki yenye waya uliolegea inaweza kufyatua wakati hukutarajia. Usiifungue mpini ikiwa na hewa, hata kama ni kwa dakika moja.

Hakikisha pia kwamba bunduki yako ni ya umeme kweli. Mchezo huu ulipochezwa mara ya kwanza Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, Marekani, watu 12 walitumia bastola za Nel-Spot 007 zilizotengenezwa kwa ajili ya kuweka alama kwenye miti na ng'ombe, na hazikuwa na waya hata mmoja. Mpaka leo bunduki nyingi za kukodisha viwanjani ni za aina hiyo, zinaendeshwa na springi na hewa peke yake. Zile za elektroniki zilishika kasi mwishoni mwa miaka ya 1990. Ukivuta triga ya bunduki hizo, unagusa swichi. Ubao wa saketi unapeleka umeme kwenye solenoidi. Solenoidi inafungua njia ya hewa kwa milisekunde chache, bolti inasogea, risasi inatoka. Kisha yote hayo yanarudiwa, mara kumi au zaidi kwa sekunde moja ikiwa vidole ni vyepesi.

Hizo milisekunde chache ndizo zinazoiumbua betri. Taa na skrini hula umeme kidogo sana, kwa hiyo huwaka hata betri ikiwa hoi. Solenoidi hudai umeme mwingi kwa ghafla, halafu inaacha, halafu inadai tena. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani, na ukinzani huo huongezeka inapozeeka. Betri iliyochoka ni kama tangi lililojaa maji lakini bomba lake limeziba kwa uchafu: ukitazama ndani utaona maji tele, ila ukifungua koki yanachuruzika. Volti huporomoka pale tu solenoidi inapodai, ubao wa saketi unakosa umeme wa kutosha kuendelea kuishi, unajizima na kujiwasha upya. Ukiacha kufyatua, volti zinarudi juu, na mita yako inakwambia hakuna tatizo.

Sasa tazama maandishi kwenye ubavu wa betri. Ile ya mstatili tunayoiita ya volti 9 huwa na volti 9 kamili inapokuwa ya alkali, ya kutumia na kutupa, ambayo ndani ina seli sita za volti 1.5. Ya kuchaji yenye herufi NiMH hutumia seli za volti 1.2, na hapo inategemea mtengenezaji aliweka ngapi. Zenye seli saba zina volti 8.4. Zenye seli sita zina volti 7.2 tu, nazo huuzwa zikiwa na umbo lile lile na mara nyingine zikiwa na namba 9 kubwa kwenye karatasi ya nje. Zipo pia za seli nane, volti 9.6. Kwa bunduki ya peintiboli nisingeipa mtu ile ya 7.2: inaanza kazi ikiwa tayari na volti pungufu.

Jambo la pili la kusoma ni ujazo. NiMH za umbo hili huwa na takriban mAh 150 hadi 250, wakati alkali nzuri ina kama 500. Kwa hiyo hata betri ya kuchaji iliyo nzima haitakupeleka mbali kama ile ya kutupa, na hilo si ugonjwa. Wapo wanaodhani wameuziwa betri mbovu kwa sababu haimalizi siku nzima ya mchezo, kumbe imefanya kazi yake yote.

Kipimo cha betri kinachoonekana kwenye skrini ya bunduki nacho kinapotosha. Mara nyingi kimepangwa kwa kufuata jinsi betri ya alkali inavyoshuka: polepole, kwa mteremko. NiMH haishuki hivyo. Hukaa karibu na volti zake kwa muda mrefu, kisha huanguka ghafla mwishoni. Matokeo yake, ukiweka NiMH iliyotoka kwenye chaja sasa hivi, skrini inaweza kuonyesha nusu, ibaki nusu asubuhi yote, halafu izimike bila kuaga. Usiihukumu betri kwa vijistari vya kipimo hicho.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa chochote. Nunua betri mpya ya alkali ya jina linaloaminika, iweke, kisha fyatua mfululizo. Bunduki ikitulia, wengi huishia hapo na kutoa hukumu. Ongeza hatua moja zaidi: rudisha ile ya kuchaji na ufyatue tena. Kitendo cha kuchomoa na kuchomeka betri huwa kimeshasugua vishikio, na kama kosa lilikuwa uchafu au mlegeo, betri ya zamani nayo itafanya kazi vizuri safari hii. Tatizo likirudi na betri ya kuchaji, na likiondoka na ya alkali, na likirudi tena, hapo una mshukiwa wa kweli.

Jaribio la pili linahitaji mita ya bei nafuu na rezista ya omu 100 yenye uwezo wa wati 2, ambayo fundi wa redio yeyote anayo kwenye kopo lake. Chaji betri ijae, iache ipumzike saa moja. Weka mita kwenye volti za DC, gusa ncha nyekundu kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, andika namba. Kisha, mita ikiwa bado imegusa, unganisha rezista kati ya chanya na hasi kwa sekunde tano, huku ukitazama namba inavyobadilika. Usiishike rezista kwa vidole vitupu, hupata joto upesi.

Betri nzima ya volti 8.4 itashuka kidogo tu. Tuseme ilisoma 8.8, ikashuka mpaka 8.6 na kutulia hapo. Iache iendelee na kazi. Betri iliyochoka itasoma 8.6 ikiwa imetulia, lakini ukigusisha rezista inateremka mbele ya macho yako: 7.9, 7.3, 6.8, na inaendelea kushuka. Rezista hiyo inavuta chini ya miliampea 90. Solenoidi nyingi huvuta zaidi ya hapo kwa mpigo, na betri ikidaiwa mara tatu ya hapo volti zitakazobaki hazitaendesha ubao wowote. Betri ya namna hiyo inaweza bado kuendesha kifaa kinachokula umeme kidogo. Kwenye bunduki imemaliza.

Kuna hali ya tatu, ambayo napenda uijue kwa sababu inatambulika kwa urahisi. Umechaji usiku kucha, umepumzisha, lakini betri ya 8.4 inasoma karibu 7.5 na haipandi tena. Seli moja kati ya saba imekufa. Hutokea hasa betri inapoachwa ndani ya bunduki iliyosahauliwa ikiwa imewashwa: seli dhaifu humalizika kwanza, zile sita zilizobaki huendelea kusukuma umeme kupitia humo na kuigeuza chaji yake kinyume. Haitengenezeki. Usihangaike kuipasua ubadilishe seli, nunua nyingine.

Unaweza pia kupima betri ikiwa ndani ya bunduki, bila hewa na bila risasi, ncha za mita zikiwa kwenye vishikio huku mwenzako akifyatua haraka haraka. Hii inakaribia zaidi hali ya uwanjani. Ila kumbuka kwamba mita za bei nafuu husoma polepole. Mpigo wa milisekunde chache hauonekani wote kwenye skrini zake. Ukiona namba inashuka nusu volti, huenda chini yake kuna mporomoko mkubwa zaidi. Mita yenye kitufe cha kuhifadhi namba ya chini kabisa ni bora kwa kazi hii.

Kabla ya kutoa hukumu ya mwisho kwa betri, tazama vishikio. Kofia ile ya betri yenye vifungo viwili hulegea kwa kufungwa na kufunguliwa. Kile kifungo chenye midomo hupanuka na kuacha kubana. Kikamate kwa plaisi ndogo ukibane kidogo tu, betri ikiwa haipo. Vuta kila waya taratibu pale unapoingia kwenye kofia. Ukikatika ndani ya ganda lake, nje utauona mzima, na bunduki itakuwa inakatika unapoukunja mkono kwa namna fulani tu. Bunduki zenye vibati vya springi badala ya kofia nazo zina tatizo lake: kibati kikilala, mtikisiko wa kila risasi unaitenganisha betri kwa sehemu ndogo ya sekunde, na hiyo inatosha kuzima ubao.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye vishikio, betri ilivuja. Uvujaji wa NiMH na wa alkali ni wa magadi, kwa hiyo tone la maji ya ndimu au siki kwenye pamba ya masikioni huuyeyusha. Futa, kisha pitisha pamba nyingine yenye spiriti, acha ikauke kabisa. Tone moja, si zaidi, na lisifike kwenye ubao wa saketi. Madoa madogo ya kutu huondoka kwa kifutio cha penseli. Msasa hukwangua ule mng'aro wa juu na kutu hurudi kwa kasi zaidi.

Angalia na saizi. Betri za kuchaji za volti 9 hazilingani zote. Nyingine ni nene kidogo, na ndani ya mpini wa bunduki hakuna nafasi ya ziada. Ukiisukuma kwa nguvu, unabana chini yake waya wa triga au wa macho, yaani vihisi vinavyotambua risasi ndani ya bunduki. Na zima bunduki kabla ya kuweka betri. Kuigusisha kinyume, hata kwa kufumba na kufumbua, kunaweza kuunguza ubao ambao bei yake ni ya betri nyingi sana.

Sasa chaja, ambako naamini ndiko betri nyingi huuawa. Chaja iliyotengenezwa kwa seli sita haiijazi ya seli saba. Taa yake itageuka kijani na betri itakuwa na pengo. Soma nyuma ya chaja inatoa miliampea ngapi. Betri ya mAh 200 kwenye chaja ya miliampea 20 inahitaji kama saa 14, kwa sababu sehemu ya umeme hupotea kama joto: gawanya ujazo kwa mkondo, kisha zidisha kwa 1.4. Anayechaji saa tatu kabla ya kwenda uwanjani anabeba betri isiyofika hata robo. Anayeiacha siku tatu mfululizo kwenye chaja isiyojizima anaipika. Na kamwe usiweke betri ya lithiamu kwenye chaja ya NiMH, hata kama inaingia bila shida. Hapo si suala la kuharibu betri tu, ni moto.

NiMH za zamani pia hupoteza chaji zikiwa zimekaa tu kabatini, pengine sehemu kubwa ndani ya mwezi. Iliyochajiwa mwanzo wa mwezi kwa ajili ya mchezo wa mwisho wa mwezi inahitaji kurudi kwenye chaja usiku wa kuamkia mchezo. Zipo aina mpya zinazotunza chaji kwa muda mrefu zaidi. Ongeza pesa kidogo uchukue hizo.

Betri za lithiamu zenye umbo la volti 9, nyingi zikiwa na tundu la waya wa simu ubavuni, zina tabia yao. Ndani yake mara nyingi kuna saketi inayopandisha volti na kuzishikilia kwenye 9 mpaka chaji inapoisha, ndipo inakata papo hapo. Skrini ya bunduki itaonyesha imejaa hadi dakika ya mwisho. Isitoshe, saketi ya ulinzi inaweza kuliona dai la ghafla la solenoidi kama shoti na kukata umeme ingawa chaji ipo. Bunduki ikizimika kila unapofyatua mfululizo na betri ya namna hii, halafu ikatulia na alkali, usipoteze muda: hazipatani.

Bunduki zenye lithiamu ya kujengewa ndani ni suala jingine. Anza na vya nje: badilisha waya, badilisha kichwa cha chaja, chokonoa vumbi na rangi iliyokauka kwenye tundu kwa kijiti cha mbao. Seli moja ya lithiamu iliyojaa husoma volti 4.2. Ikisoma sifuri baada ya kukaa miezi mingi, huenda ulinzi wake umekata; iunganishe na chaja yake halali kwa nusu saa uone kama itaamka. Usiishtue kwa betri nyingine kama watu wanavyofanya kwa gari. Ikiwa imevimba, hata kidogo, iondoe kwenye matumizi siku hiyo hiyo, usiitoboe wala kuibana irudi.

Kuna malalamiko mengi ambayo betri husingiziwa. Ukisikia hewa inavuja kwa sauti ya kuzomea, tafuta oringi. Risasi ya kwanza ikitoka dhaifu baada ya kupumzika na zinazofuata zikawa sawa, bolti inakwama na inataka kusafishwa na grisi mpya. Kasi ikipanda yenyewe kwenye kipima kasi, regulata ya hewa inapitisha shinikizo. Bunduki ikikataa kufyatua baada ya risasi kupasuka ndani, macho ya bunduki yamefunikwa na rangi: yafute kwa pamba yenye maji. Na usiisahau hopa. Ile ya mota ina betri zake peke yake, na mota ikilegea risasi hazishuki kwa wakati, bunduki inasubiri, nawe unadhani imeruka. Iinue karibu na sikio usikilize. Mlio wake ukiwa mzito na wa kuvuta, badilisha betri za hopa kwanza.

Msimamo wangu kuhusu matumizi ni huu. Siku za mazoezi, tumia NiMH ya 8.4 iliyopita jaribio la rezista; inaokoa hela na kupunguza takataka. Siku ya mashindano, weka alkali mpya. Na kama kitabu cha bunduki yako kimekataza betri za kuchaji, kama vinavyofanya vitabu vya watengenezaji kadhaa, kiheshimu siku zote, kwa sababu aliyekiandika anajua ubao wake unakata kwenye volti ngapi.

Betri ya volti 9 ina chanya na hasi upande mmoja, karibu karibu. Ukiitia mfukoni na funguo au sarafu, unaweza kuunguza suruali na paja. Irudishie kofia yake ya plastiki au uizibe kwa selotepu. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani, na usichaji lithiamu mahali penye joto linalozidi nyuzi 45. Ukisafiri kwa ndege, lithiamu za akiba ni za begi la mkononi, ncha zikiwa zimezibwa. Haziruhusiwi kwenye mzigo unaokabidhiwa. Baada ya mchezo zitoe betri kwenye bunduki na hopa. Andika tarehe ya ununuzi kwa kalamu ya maka kwenye ubavu wa kila betri, na chini yake zile namba mbili za jaribio: ya mapumziko na ya kazini. Rudia kila baada ya miezi michache. Pengo kati ya namba hizo likizidi volti moja, ihamishie kwenye kifaa kinachokula umeme kidogo na ununue nyingine kabla ya mchezo unaofuata.